Nduna Anayeshika Mkuki kwa Mkono wa Kushoto

Jumanne, Julai. Ukungu mpaka saa tano asubuhi.

Baridi ya leo haina adabu. Tangu nifungue duka vidole vimekufa ganzi, na jiko la mkaa nililoweka karibu na mlango limepasha joto mlango tu. Wateja wamekuja wawili. Mmoja katoa kopi ya cheti cha ubatizo, mwingine kauliza bei ya kuchapa barua akaondoka. Baada ya hapo nimekaa nikiangalia kioo cha kompyuta.

Leo ni siku ya kumi tangu tumzike Bosco.

Sijalia. Watu wananipa pole barabarani, nami naitikia "asante, tumeshapoa," maana ndivyo watu wanavyoitikia. Nakula, nalala, nafungua duka. Nilidhani huzuni ingekuja baada ya matanga, watu wakishaondoka. Haijaja. Naandika hapa kwa sababu ukurasa huu wanausoma watu wanne, na mmoja wao ni mimi.

Nieleze kwanza Bosco ni nani, maana kati ya hao watatu waliobaki, wawili hawajawahi kufika Songea.

Miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu na kila wiki kukazuka gazeti jipya, mimi nilikuwa karani wa shule moja hapa mjini. Ufunguo wa chumba cha mashine ya stensili ulikuwa mfukoni mwangu. Mkuu wa shule aliniruhusu kuitumia Jumamosi mradi nije na karatasi na wino wangu. Bosco alikuwa rafiki yangu, hana kazi, ana maneno machache. Mama yake aliuza mitumba sokoni. Siku moja walifungua robota la makoti ya baridi, na chini kabisa wakakuta vitabu vinne vya picha.

Vilikuwa vya zamani hata wakati ule. Karatasi imekuwa ya njano, pini zimeota kutu, maandishi ni ya lugha ambayo hatukuijua mimi wala yeye. Ndani kulikuwa na wanaume vifua wazi wenye mapanga, wamepanda wanyama wenye mbawa, wanapigana juu ya miji iliyojengwa ndani ya vioo. Mtu ana upanga mkononi, na nyuma yake imesimama roketi. Sisi hatukuona ajabu. Babu yake Bosco naye alikuwa na mkuki darini na redio mezani.

Tukaamua kutoa kitabu chetu. Mimi maneno, Bosco picha. Tukakiita "Nduna wa Zohali". Nduna wetu ni jemadari wa Kingoni aliyechukuliwa na upepo akiwa vitani, akaangukia kwenye nyota ya mbali, huko akakuta watu wanatawaliwa na mfalme wa chuma.

Picha za toleo la kwanza zilikuwa za kugandamiza. Nilizishuhudia mwenyewe zikigandamizwa. Unachukua karatasi nyembamba, unaipaka mafuta ya taa, inakuwa kama kioo. Unaiweka juu ya picha ya Mzungu, unafuatisha mistari kwa penseli laini. Kisha unaigeuza juu ya stensili, unasugua mgongo wake kwa kijiko, mistari inahamia upande wa pili. Hapo ndipo Bosco alipoufuta upanga, akaweka mkuki mfupi na ngao ya ngozi ya ng'ombe, na nywele akazifupisha.

Ila kwa kuigeuza ile karatasi, kila kitu kiligeuka. Aliyeshika upanga kwa mkono wa kulia, kwetu alishika mkuki kwa mkono wa kushoto. Hatukuliona hilo mpaka nakala zilipokuwa zimeshasambaa sokoni, na nyingine zimeshapanda basi kwenda Namtumbo.

Aliyeliona ni mjomba wake Bosco. Alikuja na nakala yake mpaka pale tulipokuwa tunakunywa chai.

"Mngoni gani huyu?" akauliza. "Mkuki kushoto, ngao kulia! Huyu wenu atakufa siku ya kwanza ya vita, hiyo Zohali hata haioni."

Watu walicheka, Bosco akainama. Mimi nikaenda kuandika. Katika toleo la pili nikaeleza kwamba upepo ule wa kwenda Zohali humgeuza mtu ubavu kwa ubavu, nguvu za kulia zikahamia kushoto, na ndiyo maana askari wa mfalme wa chuma hawawezi kumkinga. Watu walilipenda jambo hilo. Watoto wakawa wanapigana fimbo mitaani kwa mkono wa kushoto, mama zao wanagomba.

Nilijivuna sana. Nilijiambia picha ni za wizi, lakini hili ni langu.

Baada ya toleo la pili Bosco alinirudishia vile vitabu vinne. "Vikae kwako," akasema, "kwetu panavuja." Nikavifungia kabatini shuleni, baadaye nikavihamishia kwenye sanduku nyumbani. Tuliendelea mpaka toleo la saba. Kila nikienda kwake na maneno namkuta amekaa mgongo mlangoni, ameinamia ubao. Akinisikia anafunika ubao kwa kanga ya mama yake, ananyoosha mkono wa kulia tusalimiane. Nilidhani anaona aibu kugandamiza. Nilidhani ana akiba ya karatasi zake za mafuta ya taa. Sikuwahi kuuliza.

Mjini alianza kuchora mabango. Saluni, gereji, mabucha. Jamani, yale mabango. Nakumbuka ng'ombe wa bucha moja karibu na soko, miguu minne inaelekea pande nne, na uso wa mtu aliyetoka kuamka. Mji mzima ulimcheka yule ng'ombe. Mimi nilimcheka zaidi, kwa sababu kwangu alikuwa ushahidi. Nilisema moyoni, huyu ndiye Bosco akiwa hana cha kugandamizia.

Kisha vikaja vitabu vya katuni vya rangi kutoka Dar, vyetu vya wino mweusi vikabaki mezani. Siku moja, mbele za watu, nikamwambia, "Wewe Bosco, bila vile vitabu vya Wazungu huwezi kuchora hata kuku."

Alicheka. Mimi Mhehe, yeye Mngoni, ni watani. Mhehe anaruhusiwa kumwambia Mngoni lolote, na Mngoni haruhusiwi kununa. Alicheka na watu wote, akamaliza chai yake. Toleo la nane hakulileta.

Toka hapo zimebaki salamu. Zaidi ya miaka kumi ya salamu.

Sasa msiba. Kwetu mtani ana kazi yake msibani, na mimi ndiye mtani niliyemjua marehemu kuliko wote, kwa hiyo kazi ikanifikia. Nikavaa koti lake. Nikachukua brashi yake ya rangi, maana mtani huchukua kitu cha marehemu na ndugu hukikomboa baadaye kwa kuku au kwa pombe. Nikasimama juu ya udongo wa kaburi nikawazuia wachimbaji. Nikamwigiza anavyotembea, anavyokohoa, anavyochora bango huku amekunja uso. Nikapaza sauti:

"Mnadhani mnazika nani hapa? Mnazika mwizi! Kaiba picha za Wazungu, kawavalisha ngozi za ng'ombe, kawauzia ninyi, nanyi mkapiga makofi!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Padri mwenyewe aligeukia pembeni. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, machozi yapumzike kidogo. Mjane wake, Mama Editha, alikuwa amekaa chini ameshikiliwa na wanawake wawili. Akaninyooshea kidole, akasema kwa sauti iliyokauka, "Mtani, mkono siyo huo."

Watu wakacheka tena. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa na msiba. Nikaendelea.

Hapa niseme kile ambacho sijamwambia mtu. Sikuwa natania.

Nilikuwa nimekaa na neno hilo miaka yote hiyo. Nikapata mahali ambapo naweza kulisema kwa sauti bila kuulizwa, nikalisema, na mwenyewe yumo ndani ya sanduku. Wote waliona ni utani isipokuwa mtu mmoja.

Huyo mtu amekuja leo saa tano, ukungu ulipokuwa umeanza kupanda. Editha, binti wa kwanza wa Bosco, yuko chuo cha ualimu. Amevaa sweta la baba yake, amebeba mfuko wa plastiki.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti."

Hakukaa. Ametoa matoleo yote saba ya "Nduna wa Zohali" kwenye mfuko, akayapanga juu ya meza. Ameyakuta kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha baba yake, yamefungwa kwa kitambaa. Kasema kuna mchapishaji huko Dar anayetafuta katuni za zamani, mwalimu wake wa chuo anamfahamu. Zitachapwa upya, na juu litaandikwa jina la baba yake.

"Lakini baba mdogo, yale uliyosema makaburini. Ni utani au ni kweli?"

Simu ya jirani imelia huko nje, mtu kaipokea.

"Kama ni vya wizi nitavichoma," akasema. "Sitaki baba achekwe mara mbili. Nakuachia, uangalie. Kesho asubuhi nitapita, uniambie kweli. Usinitanie."

Ameondoka. Nilitakiwa nisikie kitu hapo, aibu au woga. Nimefunga duka, nikaenda nyumbani kuchukua vile vitabu vinne. Njiani nilikuwa nawaza kama nimezima jiko.

Nimerudi, nikasogeza meza dirishani, jua lilikuwa limetoka kidogo. Kazi yenyewe ni rahisi kwa anayeijua. Unachukua ukurasa wa Bosco, unauangalia kwa nyuma ukiuelekeza kwenye mwanga, picha inageuka tena inakuwa kama ya asili. Kisha unaitafuta kwenye vitabu.

Toleo la kwanza nimelimaliza upesi. Zote zimo. Nduna anaruka shimo, yumo. Mfalme wa chuma kwenye kiti chake, yumo, hata mikunjo ya vazi lake haikubadilishwa. Toleo la pili, nyingi zimo, chache hazimo.

Toleo la tatu sikuona hata moja.

Nimerudia. Nimefungua vitabu vyote vinne ukurasa kwa ukurasa, nikarudi mwanzo. La nne hakuna, la tano hakuna. Katika toleo la tano kuna picha ukurasa mzima, wanawake wa Zohali wanatwanga, vinu vyao vinaelea hewani, mmoja ameinua mchi huku anamwangalia mtoto anayetaka kuanguka kutoka kwenye wingu. Uso wake ni wa mama yake Bosco. Hata namna ya kufunga kilemba ni yake. Miaka yote hii nimekuwa na nakala ya picha hii na sikumwona, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba ni ya Mzungu fulani.

Halafu nikaona mikono.

Katika toleo la kwanza, karatasi iligeuzwa, kwa hiyo kila mtu ni wa kushoto. Nduna kushoto, mfalme kushoto, askari wote kushoto, jeshi zima. Lakini kuanzia toleo la tatu askari wanashika silaha kwa mkono wa kulia. Mfalme naye kulia. Wanawake wanatwanga mkono wa kulia ukiwa juu. Nduna peke yake ndiye wa kushoto. Hayo hayawezi kutokea kwa kugeuza karatasi. Mtu ameketi, amechora kila mmoja kwa mkono aliotaka, na huyu mmoja kamwacha hivyo kwa makusudi.

Ndipo nikakumbuka kile kidole cha Mama Editha, na ile brashi niliyokuwa nimeishika mkono wa kulia.

Nimemtumia Editha ujumbe kwa simu: baba yako alikuwa anachora kwa mkono gani?

Jibu limekaa muda mrefu. Kisha limekuja: "Kushoto. Nyumbani tu. Mbele za watu kulia, alichapwa sana shule, na wenye bucha hawataki mkono wa kushoto kwenye ukuta wa chakula. Mama anasema hukujua?"

Nimeusoma mara nyingi.

Yule ng'ombe. Mji mzima umemcheka ng'ombe aliyechorwa kwa mkono usio wake, juu ya ngazi, mchana, watu wanapita. Na ile kanga ya mama yake haikuwa inafunika karatasi za kugandamizia. Alikuwa anaificha penseli isionekane iko mkono gani, kisha anahamisha, ananipa mkono wa kulia tusalimiane. Kwa rafiki yake. Sijui nilikuwa nimemwonyesha nini mpaka aone kwamba hata mimi nitamcheka. Au najua. Nilimcheka kwa mambo mengine yote.

Yale maelezo yangu ya upepo unaogeuza watu, ambayo nimejivunia maisha yangu yote, nadhani yalimpa ruhusa. Alikosea mara moja kwa sababu ya mafuta ya taa. Mimi nikapamba kosa lake. Yeye akaona kwamba kuna mahali, hata kama ni Zohali, ambapo mtu anaweza kushika kitu kwa mkono wake na akawa shujaa. Akahamia huko matoleo matano.

Na maneno yangu je? Maadamu leo ni siku ya kusema kweli. Nimeyasoma tena. Hotuba ya mfalme wa chuma niliitoa kwenye mchezo wa redio, karibu neno kwa neno. Maombolezo ya Nduna ni zaburi za misa ya wafu, nimebadilisha jina tu. Kisa cha binti aliyefichwa ndani ya kibuyu ni cha bibi yangu wa Kilolo, naye alikisikia kwa bibi yake. Hakuna aliyeniita mwizi. Maneno hayana mistari ya penseli ya kushikiwa ushahidi. Kati yetu wawili, aliyegandamiza mpaka toleo la mwisho ni mimi.

Sikumpenda Bosco kama nilivyodhani. Hilo nalo niliandike, liwepo.

Sasa ni saa kumi na moja, baridi inarudi. Bado silii. Nimegusa macho kuhakikisha. Kuna kitu kimeanza kuuma mahali fulani chini ya mbavu, kidogo, kama vidole vinavyouma vikianza kupata joto. Labda ni hicho. Labda ni njaa, sijala tangu asubuhi.

Kesho Editha akija nitamkabidhi vitabu vyote, vinne vya robota na saba vya kwetu, avilinganishe mwenyewe dirishani. Sitamficha toleo la kwanza. Nataka aone baba yake alianzia wapi, ndipo ataona alifika wapi. Akitaka kuchoma, achome akiwa ameona. Na kwa huyo mchapishaji jina liende moja tu, la Bosco. Maneno nitayaandikia maelezo nilikoyatoa.

Lakini kabla ya vitabu kuna brashi. Iko hapa kwenye droo, nywele zake zimekauka na rangi nyekundu ya bucha. Ndugu zake bado hawajaikomboa. Mtani harudishi kitu bila kuku, kila mtu hapa Songea anajua hivyo, na anayerudisha bure amekubali kwamba hakuwa anatania.

Kesho nitairudisha bure. Nitampa Mama Editha mkononi, na nitaanza kwa kumwambia kwamba mkono haukuwa ule.